Umekataliwa disabiliti Marekani? Hivi ndo unavyokata rufaa ukiwa na wakili

Maswali ni yaleyale kila wiki. Mtu kapata barua ya Social Security (idara ya serikali ya Marekani inayotoa malipo ya ulemavu), kaifungua, kaona kakataliwa, anapiga simu: sasa nianze upya? Loya anataka hela ngapi wakati sina hata ya kodi? Mbona jirani kapewa na mimi mgongo umeisha kabisa nimenyimwa? Nimeona niyaandike yote hapa ili ukiulizwa na mtu umtumie tu.

Mimi sio wakili. Nakaa na watu wetu wanapojaza hizi fomu na wanapoongea na mawakili wao, kwa hiyo humu utakuta vitu ambavyo nimeona vinawaangusha watu na vinavyowabeba. Hii ni ya malipo ya ulemavu ya serikali kuu ya Marekani, yaani SSDI na SSI, sio bima ya kazini wala fidia ya kuumia kazini, hizo zina njia zake.

Kwa kifupi tu: SSDI ni ya mtu aliyefanya kazi akakatwa kodi ya Social Security kwa muda wa kutosha, SSI ni ya mwenye kipato kidogo na mali kidogo (kikomo ni dola 2,000 kwa mtu mmoja, 3,000 kwa mke na mume) hata kama hajawahi kufanya kazi. Wengine wameomba zote mbili bila kujua. Angalia barua yako, kwa sababu inawezekana umekataliwa moja kwa sababu ya pesa na nyingine kwa sababu ya ugonjwa, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Alafu jua ngazi za rufaa ziko nne: kuangaliwa upya, kikao mbele ya jaji, Baraza la Rufaa, na mwisho mahakama ya shirikisho. Watu wengi hukataliwa ngazi ya kwanza na hata ya pili, kwa hiyo usichukulie kwamba wamekuita mwongo. Aliyeamua hajakuona, kasoma faili, na kama faili lina mapengo basi ameamua kwa mapengo.

Kabla hujaanza, kusanya hivi

- Barua ya kukataliwa, kurasa zote, na bahasha yake usiitupe.
- Kopi ya kila ulichojaza mwanzo, kama unayo. Kama huna, wakili ataipata kwenye faili.
- Orodha ya madaktari, kliniki na hospitali zote ulizopita tangu uanze kuumwa, na miezi uliyoenda, hata kwa kukadiria.
- Dawa zote, na kila moja inakufanyaje (kizunguzungu, usingizi, kichefuchefu). Njia rahisi ni kupiga picha makopo yenyewe.
- Kazi ulizofanya miaka 5 ya mwisho kabla hujaacha: ulikuwa unabeba nini, uzito gani, unasimama saa ngapi. Zamani waliangalia miaka 15, tangu Juni 2024 ni 5.
- Daftari. La kawaida tu. Utaona kazi yake huko mbele.
- Namba ya simu na anwani ambazo hazibadiliki ovyo. Ukihama waambie Social Security na wakili, wote wawili, siku hiyohiyo.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe kwenye barua, uiandike ukutani

Una siku 60 za kukata rufaa tangu barua ikufikie, na wao wanahesabu kwamba imekufikia siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Jumla 65 kwa kalenda, wikendi zikiwemo. Mimi nakwambia hesabu 60 kuanzia tarehe ya juu ya barua na hizo 5 zisahau kabisa.

Alafu soma ile sehemu inayoeleza kwa nini. Watu wanaruka hapo kwa sababu Kiingereza chake kizito, tafuta mtu akusomee polepole. Kuna tofauti kubwa kati ya "unaweza kufanya kazi nyingine nyepesi", "hatukupata rekodi za kutosha", "hukuja kwenye uchunguzi tuliokupangia" na "hujafanya kazi muda wa kutosha". Kila moja inajibiwa kivyake. Barua pia inataja hospitali walizopata rekodi zake, angalia ni ipi haipo. Mara nyingi sana ile hospitali yenyewe ambako ulifanyiwa operesheni haimo kwenye orodha, na hapo umeshajua kazi inaanzia wapi.

Onyo: kama wewe ulikuwa tayari unalipwa na sasa wanataka kukusimamishia, muda ni mfupi zaidi. Una siku 10 tu tangu upate barua kuomba pesa ziendelee wakati rufaa inaangaliwa. Hapo usisubiri hata kumpata wakili, nenda ofisini.

Hatua ya 2: Usifungue maombi mapya

Hili ndo kosa namba moja na linauma kwa sababu mtu anakuwa amehangaika kweli. Anakataliwa, anakaa miezi minne, anaenda kuomba upya kabisa, anakataliwa tena kwa sababu ileile. Ukiomba upya unapoteza tarehe ya maombi ya kwanza, na tarehe hiyo ndo inayohesabu malimbikizo, yaani pesa za miezi ya nyuma. Kwa SSDI kuna kibaya zaidi: bima yako, yaani ile haki ya SSDI uliyoipata kwa kukatwa kodi kazini, ina tarehe ya kuisha, na kwa mtu aliyefanya kazi mfululizo kawaida inaisha kama miaka 5 baada ya kuacha kazi. Ukizungukazunguka na maombi mapya unaweza kukuta tarehe hiyo imepita na sasa lazima uthibitishe kwamba ulikuwa mlemavu huko nyuma kabla haijaisha. Rufaa inakulindia nafasi yako.

Hatua ya 3: Tafuta wakili sasa, sio baadaye

Watu wanaogopa bei, kwa hiyo nieleze bei kwanza. Wakili wa kesi hizi kwa kawaida halipwi mwanzo. Analipwa ukishinda tu, anachukua asilimia 25 ya malimbikizo, na kuna kikomo ambacho tangu tarehe 30 Novemba 2024 kiliwekwa dola 9,200. Kinachochukuliwa ni kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Mfano malimbikizo yako ni dola 20,000, asilimia 25 ni 5,000, basi anapata 5,000. Yakiwa 48,000, asilimia 25 ni 12,000 lakini anaishia 9,200. Hicho kikomo kinaweza kupandishwa, muulize ni ngapi siku unayosaini. Pesa ya kila mwezi utakayopata baadaye haigusi, na Social Security wenyewe ndo wanaikata sehemu yake na kumpa moja kwa moja.

Ukishindwa, ada hakuna. Ila kuna gharama ndogondogo kama kununua rekodi za hospitali, na hizo baadhi ya ofisi wanakudai hata ukishindwa. Uliza, na wakuonyeshe imeandikwa wapi kwenye mkataba. Pia angalia mkataba unasemaje kesi ikifika Baraza la Rufaa au mahakamani, kwa sababu mara nyingi huko kile kikomo kinaachwa na ada inaombwa kwa njia nyingine.

Mtu yeyote akikudai ada ya kesi kabla, mkononi, keshi, bila Social Security kuidhinisha, ondoka. Wapo wanaozunguka kwenye jumuiya zetu wakisema wana mtu ndani. Hakuna mtu ndani.

Unampata wapi? Kuna ofisi za msaada wa kisheria wa bure kwa wenye kipato kidogo karibu kila jimbo, anza huko. Kuna chama cha mawakili cha jimbo, wana simu ya kukuelekeza. Kama ulikuja kama mkimbizi, shirika lililokupokea huwa linajua nani anafanya kesi hizi. Kuna pia wawakilishi wasio mawakili ambao Social Security inawakubali, na wapo wazuri, ila hao hawawezi kukusimamia ikifika mahakama ya shirikisho.

Maswali ya kumuuliza kwenye simu ya kwanza:

- Unafanya kesi za Social Security kila siku au mara mojamoja?
- Nani hasa atakuwa na mimi siku ya jaji, wewe au mwingine ambaye sijawahi kuongea naye?
- Nani atatafuta rekodi zangu za hospitali?
- Mtatumia mkalimani wa Kiswahili tukiongea, au mnategemea mtoto wangu?

Hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Mama hawezi kumwambia mwanae kwamba anajikojolea, au kwamba usiku anaota vita na anaamka anapiga kelele. Atasema "mwambie mgongo unauma", na kesi nzima inabaki kuwa ya mgongo. Mtoto asitumike, hata kama Kiingereza chake kizuri namna gani. Ukiona ofisi haijali hilo, tafuta nyingine.

Hatua ya 4: Saini makaratasi ya kumteua

Kuna fomu SSA-1696, ndo inayowaambia Social Security kwamba huyu ananiwakilisha. Kuna mkataba wa ada. Na kuna SSA-827, ruhusa ya kuchukua rekodi zako za matibabu. Usisaini karatasi tupu. Omba kopi ya kila ulichosaini, piga picha kama hawana muda.

Baada ya hapo barua za Social Security zinakwenda kwenu wote wawili, lakini usikae ukidhani wakili kaipata. Kila barua ikifika ipige picha umtumie.

Hatua ya 5: Peleka rufaa ya kwanza

Fomu ni SSA-561 ya kuomba kuangaliwa upya, inaenda pamoja na SSA-3441 ambayo inaeleza nini kimebadilika tangu uombe mara ya kwanza. Zinajazwa onlaini kwenye ssa.gov, au unapeleka ofisini, au wakili anazituma. Ukipeleka mwenyewe usiondoke dirishani bila kopi yenye muhuri wa tarehe. Ukituma onlaini, hifadhi ukurasa wa uthibitisho. Siku wakisema hawajaona kitu, hiyo karatasi ndo itakuokoa.

Kama siku zimebaki chache na wakili hujampata, tuma 561 mwenyewe. Wakili anaweza kuingia baadaye na kuongeza kila kitu, ila hawezi kurudisha kalenda.

Kwenye 3441 usiandike "hali ileile". Andika ugonjwa mpya, dawa mpya, vipimo vipya, ulilazwa lini, na vitu ambavyo ulikuwa unafanya wakati ule unaomba na sasa huwezi. Na taja magonjwa yote, ya mwili na ya akili, kwa sababu wanatakiwa kuyaangalia kwa pamoja. Mtu ana kisukari, goti bovu na hapati usingizi, kila moja peke yake linaweza lisitoshe, yote matatu ndani ya mtu mmoja ni jambo lingine.

Wanaweza kukupangia uchunguzi kwa daktari wao, wanalipa wao. Nenda. Kutokwenda bila sababu kunatosha kukukataa. Shika jina la daktari, muda mliokaa, alikupima nini, uandike kwenye daftari ukifika nyumbani.

Hatua ya 6: Jenga ushahidi wa daktari

Hapa ndo kesi inashindwa au kushinda, kwa hiyo nitakaa hapa.

Social Security hawaamui kwa jina la ugonjwa. Wanauliza: kwa siku ya kazi ya saa 8, siku 5 za wiki, huyu mtu anaweza kukaa saa ngapi, kusimama saa ngapi, kubeba pauni ngapi, kushika vitu, kukumbuka maelekezo, kukaa na watu bila kulipuka? Kazi wanayoita ya kukaa inahitaji uweze kukaa kama saa 6 na kuinua hadi pauni 10. Kwa hiyo kama wewe shida yako ni mgongo na kwenye rekodi yote hakuna hata mstari mmoja unaosema huwezi kukaa, watasema fanya kazi ya kukaa.

Sasa tabia yetu. Daktari anaingia, anakusalimia, habari yako, wewe unajibu nzuri, namshukuru Mungu, naendelea vizuri. Ni adabu, ndivyo tulivyolelewa, mtu hamwagi matatizo yake kwenye salamu. Lakini yeye anaandika kwenye kompyuta: mgonjwa anasema anaendelea vizuri. Miezi kumi na minane baadaye jaji anasoma huo mstari. Na mstari huo uko kila apointimenti. Kwa hiyo salimia kwa adabu zako, alafu endelea palepale: "ila tangu nije mara ya mwisho nimeanguka mara mbili, na usiku nalala masaa matatu tu kwa sababu ya mguu." Sema mambo mawili matatu yenye namba ndani, kila ukienda. Usiongeze chumvi, sema tu yaliyopo ambayo huwa unayameza.

Hili daftari sasa. Kila siku mistari michache: nimelala masaa mangapi, nimekaa muda gani kabla sijalazimika kulala chini, nimefanya nini na nikakiachia wapi, dawa ilinifanyaje. Sio lazima Kiingereza. Litakusaidia wewe kukumbuka mbele ya daktari na mbele ya jaji.

Barua ya daktari nayo ina makosa yake. Watu wanahangaika kumuomba daktari aandike "huyu ni mlemavu, hawezi kufanya kazi". Barua hiyo haina nguvu, kwa sababu nani ni mlemavu kisheria wanaamua wao wenyewe. Kwa maombi yaliyofunguliwa tangu tarehe 27 Machi 2017 hata daktari wako wa miaka kumi hapewi uzito wa moja kwa moja, wanaangalia kama maoni yake yana vipimo nyuma yake na yanakubaliana na rekodi nyingine. Unachotaka ni fomu ya uwezo wa kazi, wakili anayo, daktari anajaza: saa za kukaa, saa za kusimama, pauni, atakosa kazi siku ngapi kwa mwezi, atahitaji kupumzika mara ngapi, na kwa sababu gani, picha ipi ya MRI, kipimo gani. Mpe daktari mapema, usimshtukize mwisho wa apointimenti wakati kashika kitasa cha mlango.

Kama uliacha matibabu kwa sababu huna bima au dawa ni ghali, mwambie daktari aandike hivyo na mwambie wakili. Pengo lisiloelezwa linasomeka kama mtu aliyepona. Pengo lililoelezwa linaeleweka.

Na rekodi mbaya usizifiche. Sheria inataka upeleke kila kinachohusu ulemavu wako, kizuri na kibaya. Mpe wakili kabla ili ajiandae nacho.

Hatua ya 7: Ukikataliwa tena, omba jaji

Siku 60 zinaanza upya, fomu ni HA-501, pamoja na 3441 nyingine. Usikate tamaa hapa hata kidogo, maana huyu jaji ndo mtu wa kwanza kukusikia kwa masikio yake, na anaanza kuangalia kesi upya bila kufungwa na waliokataa kabla yake.

Kusubiri ni miezi mingi. Endelea na matibabu muda wote huo. Kama hali imekuwa mbaya kiasi cha kukosa chakula, dawa au pa kulala, au umepewa barua ya kuhamishwa nyumba, mwambie wakili aombe kesi iharakishwe, na ambatanisha hiyo barua.

Taarifa ya kikao inakuja angalau siku 75 kabla. Kuna ya simu, ya video, na ya ana kwa ana. Kama simu au video haikufai, kuna muda wa siku 30 za kupinga tangu upate taarifa, ongea na wakili kwanza. Na rudisha ile karatasi ya kukubali kwamba utafika.

Ushahidi wote unatakiwa uwe umefika, au jaji awe ameambiwa kwamba upo unatafutwa, si chini ya siku 5 za kazi kabla ya kikao. Wiki tatu kabla mpigie wakili umuulize wazi: rekodi za hospitali fulani zimeingia kwenye faili? Taja moja moja.

Hatua ya 8: Jiandae na wakili

Omba muda wa maandalizi, usikubali dakika kumi asubuhi ileile. Mkalimani Social Security wanatoa bure, hata kwenye kikao, lakini lazima aombwe mapema. Na sema Kiswahili chako ni cha wapi. Mtu wa Bukavu na mkalimani wa Mombasa wataelewana sehemu nyingi alafu wapotezane kwenye neno moja la ugonjwa, na neno hilo ndo litaingia kwenye rekodi.

Fanya mazoezi ya kujibu kwa vitu vinavyoonekana. Jaji anauliza unaweza kusimama muda gani. Ukijibu "siwezi kusimama kabisa" na amekuona umeingia umesimama, imani imeondoka. Ukijibu "nateseka sana" hajapata kitu cha kuandika. Sasa sikiliza hili jibu: "Nikiosha vyombo, baada ya dakika kama kumi mguu wa kushoto unaanza kuwaka, naegemea sinki, robo saa ikifika lazima nikae, na nikikaa naweka mguu juu ya kiti kingine. Vyombo vinamaliziwa na binti yangu." Hapo jaji ameona jikoni kwako.

Kadhalika kwenye kazi ya zamani. Usiseme "nilikuwa kiwandani". Sema ulisimama zamu nzima, ulibeba maboksi ya uzito gani, mara ngapi kwa saa. Watu wetu wanaidharau kazi yao, wanasema "kazi ndogo tu", na inaandikwa kuwa ni nyepesi.

Hatua ya 9: Siku ya kikao

Sio mahakama yenye umati. Ni jaji, wewe, wakili wako, mkalimani, na karibu kila mara mtaalamu wa mambo ya ajira, mara nyingine na daktari mtaalamu. Hakuna wakili wa upande wa pili wa kukushambulia. Unaapishwa, inarekodiwa, mara nyingi inachukua chini ya saa moja au saa hivi.

Jibu ulichoulizwa, kwa ukweli, nyamaza. Ukihitaji kusimama kwa sababu ya maumivu, omba usimame. Mkalimani akikosea, sema palepale "hapana, sikusema hivyo", usione aibu kumkosoa.

Kuna sehemu utasikia jaji anamuuliza yule mtaalamu: tuseme kuna mtu wa umri huu, elimu hii, anaweza kubeba pauni 10, anakaa saa 6, kuna kazi gani? Na mtaalamu anataja kazi. Usishtuke ukafikiri umeshindwa. Subiri wakili wako aulize: na kama mtu huyo atakosa kazi siku tatu kila mwezi? Na kama lazima alale chini mara mbili mchana nje ya mapumziko ya kawaida? Mara nyingi jibu linakuwa kazi hakuna. Ila wakili anaweza kuuliza hivyo kwa nguvu tu kama zile siku tatu ziko kwenye fomu ya daktari, ndo maana nilikaa sana kwenye hatua ya 6.

Umri nao unahesabika. Ukifika 50, na zaidi ukifika 55, kanuni zinalegea, hasa kwa mtu wa elimu ndogo aliyefanya kazi za nguvu. Kama unakaribia 50 mkumbushe wakili.

Hatua ya 10: Jaji naye akikataa

Siku 60 tena, Baraza la Rufaa, fomu HA-520. Hawa hawakusikilizi, wanasoma kama jaji alikosea. Wanaweza kukataa kuangalia, kurudisha kwa jaji, au kuamua wenyewe. Wakikataa una siku 60 kwenda mahakama ya shirikisho ya wilaya, na hapo hakikisha wakili wako anafanya kesi za huko, wengi hawafanyi. Ada ya kufungua mahakamani unaweza kuomba usamehewe kama huna uwezo.

Ukikwama

*Siku 60 zimepita.* Tuma rufaa hivyohivyo na barua ya kueleza kwa nini umechelewa. Kulazwa, msiba wa karibu, kutoelewa barua kwa sababu ya lugha au ugonjwa wa akili, barua kutofika, hizo ni sababu wanazoziangalia. Ambatanisha uthibitisho.

*Wakili hapokei simu.* Ofisi hizi zina kesi nyingi, na miezi ya kusubiri kweli hakuna habari. Andika ujumbe au barua pepe yenye swali moja, taja tarehe. Wiki mbili kimya, andika tena, na piga Social Security 1-800-772-1213 uulize kesi imefikia wapi, sema "Swahili interpreter" wakuunganishe. Unaweza kumuondoa wakili kwa maandishi, lakini tafuta kwanza wa kumrithi na muulize kama atakubali kesi ambayo mwenzake ameshaigusa, kwa sababu ya kugawana ada.

*Nimepata kibarua kidogo.* Mwambie wakili kabla hujaanza. Kuna kiwango cha mapato, mwaka 2025 kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi kabla ya makato kwa asiye kipofu, na huwa kinabadilika kila mwaka. Ukizidisha, kesi inaweza kufia hapo. Chini ya hapo bado wataulizia. Keshi nayo ni mapato.

*Nimekosa kikao.* Piga simu siku hiyohiyo, wewe na wakili. Watakutumia karatasi ya kueleza sababu, ijibu haraka, la sivyo wanaifuta rufaa.

*Mimi sio raia.* Hilo ni swali la wakili kabla ya kitu kingine chochote. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi kwa SSI ana kikomo cha miaka 7, na uraia unaondoa hicho kikomo, kwa hiyo fungua hilo mapema sambamba na rufaa.

*Nimeshinda, pesa mbona pungufu?* SSDI hailipi miezi 5 kamili ya mwanzo wa ulemavu. Malimbikizo ya SSI yakiwa makubwa yanatolewa kwa mafungu hadi matatu, miezi 6 kati ya fungu na fungu. Ada ya wakili imeshakatwa, na kiasi kimeandikwa kwenye barua. Ukiona kimezidi mlichokubaliana, una siku 15 za kuandika kupinga. Na Medicare, ile bima ya afya ya serikali, kwa wa SSDI inaanza baada ya miezi 24 ya kustahili malipo, ila kwa sababu miezi ya nyuma inahesabiwa, waliosubiri rufaa muda mrefu wakati mwingine wanakuta wameshaifikia, ulizia.